Homa ya mifugo haijui mpaka wa kaunti: Pwani na Garissa zitafiti pamoja

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipoifurisha Garissa, mbu walizaliana kwa wingi na mifugo ikaanza kuharibu mimba. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Haikubaki huko. Iliingia Tana River na Kilifi, na hadi ilipotulia mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini. Soko la mifugo la Garissa, ambalo ng'ombe wake hufika hadi Mombasa, lilifungwa.

Onyo lilikuwepo. Wataalamu wa Marekani waliofuatilia joto la bahari na mvua kwa satelaiti walitabiri hatari hiyo mapema. Wafugaji wa Kisomali nao waliziona dalili: mvua kupita kiasi, mbu, mimba kuharibika. Watafiti waliowahoji baadaye walikuta kwamba waliyajua haya kabla ya serikali kuchukua hatua. Kilichokosekana ni mtu wa katikati wa kuunganisha satelaiti na zizi.

Kazi hiyo ingefaa kufanywa na vyuo vyetu. Lakini tazama sheria ilivyogawa majukumu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo, na kuiachia serikali kuu vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Anayepambana na ugonjwa si anayeamua nini kitafitiwe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuiahidi asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa, na hicho kidogo kinachopatikana hugawiwa kutoka Nairobi.

Chuo Kikuu cha Garissa kilipata hati yake kamili mwaka 2017, miaka miwili tu baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148. Kukiacha chuo hicho kishindane peke yake na vyuo vikongwe vya Nairobi ni kukipa mzigo usio wake.

Njia ipo, nayo inapita kwetu. Kaunti za Lamu na Tana River zimo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na pia katika Baraza la Maendeleo la Kaunti za Mipakani pamoja na Garissa, Wajir na Mandera. Mto Tana wenyewe hupita Garissa kabla ya kuingia baharini Kipini. Wanaoujua mto huo wakifurika Garissa, Garsen hupaswa kujiandaa.

Basi Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Garissa viandike mkataba mmoja kuhusu mambo mawili: homa hii na mafuriko ya Tana. Wapo watakaosema pesa hazipo. Lakini kupeana takwimu za mvua na vifo vya mifugo, na kuwatuma wanafunzi wa shahada wafanye utafiti wao kwenye malisho, hakuhitaji jengo jipya.

Magavana wa Lamu na Tana River huketi katika vikao vyote viwili. Wananchi wawaulize: suala hili limo kwenye ajenda?