Ngano Si Lazima kwa Mtoto

Mjukuu wangu amekatazwa ngano na daktari. Hata kipande cha hamri humdhuru tumbo. Mamake akawa anahangaika na biskuti za ghali za madukani. Nikamwuliza: mwanangu, kwani vibibi vina ngano gani? Roweka mchele usiku, asubuhi uusage kwa tui la nazi, utie sukari, iliki na hamira kidogo, uache uumuke, kisha umimine kaangoni. Alasiri mpe kachri za muhogo au bajia za kunde.

Ila wako akina mama wanaochanganya kijiko cha unga wa ngano ati vishikane, ama hukaangia mafuta yaliyotoka mahamri. Jamani, kwa mtoto huyu kijiko hicho ni maradhi! Mimi nimemtengea karai lake, na haliazimwi.