Ati Utazoea?

Ndugu yangu, dada yangu, mochari unaijua kwa dakika 20 tu. Mzee amefariki wodini, kibali cha mazishi kimetoka, gari liko nje. Mwaingia watatu wanne kumchukua maiti, akaoshwe na kuzikwa kabla ya jua kuchwa. Mlango ukifunguliwa macho yanawaka, koo linakaba, na mwenzenu mmoja ashatoka nje akikohoa. Mwaharakisha, mwaondoka.

Na yule aliyewafungulia mlango je? Yeye amekuwa humo tangu asubuhi, na kesho atakuwa humo tena.

Kile kinachochoma macho ni fomalini, yaani gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa majini. Fungua mtungi, mwaga kidogo sakafuni, gesi inapanda usoni. Maiti wetu hawatiwi dawa, twazika upesi, basi wengi wetu tunadhani hayatuhusu. Kwani anayepiga deki humo ni nani? Si jirani yako? Na yule dada wa maabara anayekata vipande vya nyama vilivyolazwa kwenye fomalini, ili mamako aambiwe kama uvimbe wake ni saratani au la? Fomalini hiyo hiyo inaweza kumpa saratani yeye. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka fomaldehaidi kundi la kwanza mwaka 2004, kundi moja na moshi wa sigara na asbesto. Imehusishwa na saratani ya nyuma ya pua, na ya damu pia.

Mgeni akilalamika huambiwa, "Utazoea." Wallahi hilo neno linanikera! Pua huzoea kweli, baada ya muda hunusi tena. Gesi bado ipo, na mapafu yanaivuta vile vile. Halafu anapewa barakoa ya kawaida, ile ya buluu. Hiyo huzuia matone ya mate, gesi inapita kama haijaona kitu. Panatakiwa mashine ya kuvuta hewa pale pale mezani na kuitoa nje ya jengo, barakoa yenye kichujio cha gesi hiyo, miwani, glavu nene, na bomba la kuoshea macho. Dirisha moja lililokwama haliwezi kuitwa mfumo wa hewa, bana.

Chumba cha upasuaji nacho kina yake. Halothani na gesi nyingine za usingizi, mgonjwa huzipumua nje, na pasipo bomba la kuzitoa, muuguzi anazivuta. Tafiti zimezihusisha gesi hizi na kuharibika kwa mimba.

Sheria tunazo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira yanayofaa ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na ukiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kukulazimisha urudi pale kabla hajaiondoa. Sasa muulize kibarua wa mochari kama amewahi kuiona hiyo kamati.

Wakubwa wakibanwa huja na posho ya hatari. Ichukueni, ni haki yenu. Lakini posho haichuji hewa.

Wewe unayefanya kazi huko: andika malalamiko, tia tarehe, baki na nakala. Msimamizi akiyakalia, yapeleke kwa ofisi ya usalama na afya kazini inayohudumia kaunti yako. Na wewe wa dakika 20, siku nyingine ukienda kuchukua maiti, muulize aliyefungua mlango kama feni ya kutoa hewa inafanya kazi. Jibu lake mpelekee mwakilishi wadi wako, manake hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na bajeti yake hupitishwa na hao hao mliowachagua.