Msiuze shamba kwa ajili ya dripu ya ketamini

Najua blogu imeota nyasi, zamu za usiku hapa Durban zimenibana. Leo nimeamka na hasira, mnisamehe.

Juzi kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, kaniandikia kutoka Morogoro. Mdogo wetu ana sonona, mwezi wa tatu sasa hatoki chumbani. Kaka kaona tangazo mtandaoni: dripu chache za ketamini, mgonjwa anapona. Anataka kuuza shamba amlete huku. Kaka, nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Ketamini si ngeni. Wauguzi wenzangu wa hospitali za wilaya mnaijua, ndiyo nusukaputi yetu, maana mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Marekani iliiruhusu kwa upasuaji mwaka 1970. Kwa sonona hutumika dozi ndogo, kwa kawaida nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, ndani ya dakika 40. Na kweli inasaidia baadhi ya watu, tena kwa saa chache, wakati vidonge huchukua wiki kadhaa. Mimi siipingi dawa. Nawapinga wanaoiuza kama maji ya baraka!

Tangazo halisemi kwamba nafuu ya dripu moja mara nyingi huisha baada ya siku chache au wiki hivi. Mgonjwa anarudi tena na tena, na kila mara analipa. Ukiuza shamba leo, mwezi ujao utauza nini? Halisemi kwamba presha hupanda, kwamba mtu anaweza kuhisi ameutoka mwili wake, kwamba kuitumia mara kwa mara kwa muda mrefu huweza kuharibu kibofu cha mkojo, na kwamba wapo wanaonasa wakashindwa kuiacha.

Mwaka 2019 Marekani ilipoidhinisha esketamini ya kupuliza puani, iliweka masharti: mgonjwa aangaliwe kituoni angalau saa mbili, asiendeshe gari mpaka kesho yake. Sasa anayekuchoma na kukuaga baada ya dakika kumi ni nani?

Kabla ya dripu, uliza. Ugonjwa umethibitishwa na daktari wa akili, au na muuza dripu? Mmenipima presha? Mbona hamjauliza kama nina mimba, au kama nimewahi kusikia sauti zisizokuwepo? Nani atakaa nami, na vifaa vya kuokoa maisha viko wapi? Baada ya dripu ya mwisho, mpango ni upi? Ukikosa majibu, chukua mkoba wako uondoke.

Halafu kaka, mdogo wetu hajameza hata kidonge kimoja! Ketamini kwa kawaida ni ya wale ambao angalau dawa mbili zimejaribiwa, kwa dozi na muda wa kutosha, zikashindwa. Mpeleke hospitali ya mkoa. Ikibidi, Muhimbili ipo, Mirembe pale Dodoma ipo. Mirembe si aibu, ni hospitali. Na akitamka habari za kufa, usingoje kesho, wala asiachwe peke yake.

Shamba libaki. Akipata nafuu atahitaji pa kurudi.

Nipigieni, hata usiku. Wasalaam.