Uiteni Mti wa Makala

KIVULINI, safu ya kila juma
Na Mwalimu Kaseba

Alfajiri simama kando ya barabara ya Kambove utazame baiskeli zinazoingia Likasi. Gunia la makala juu ya gunia, midomo imezibwa kwa nyasi, mwenyewe anasukuma kwa miguu maana pa kukalia hapapo. Waulize wametoka wapi. Zamani walitaja vijiji vya jirani. Siku hizi wengine wamelala njiani.

Makala hayo ni miombo. Nayo miombo, jambo nililolijua uzeeni, ni ya ukoo mmoja na maharage. Tazama maganda yake yanavyopasuka kiangazi. Ila mingi ni ndugu wasiolima: hainasi naitrojeni ya hewani. Inaishi kwa ushirika na kuvu wa ardhini, wale wale wanaotupa uyoga mvua zikianza. Basi mkulima akikata na kuchoma, majivu yanampa mahindi misimu michache, kisha udongo mwekundu unachoka. Anahama, au anatafuta dola za mbolea.

Mbaazi ni ndugu mchapakazi. Ng'oa shina taratibu mvua zikiwa zimekolea, uone vinundu mizizini. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kiko kazini. Lusina, sesbania na glirisidia hufanya vivyo hivyo, na majani yake ukiyafukia yanaoza upesi.

Wataalamu huiita miti ya mbolea. Jina zuri darasani, lakini mwenye njaa hasubiri mbolea ya mwaka wa tatu. Mimi ningeiita miti ya makala: ipandwe ili ichomwe badala ya miombo.

Sisemi ndoto. Kule Mampu, uwanda wa Bateke, kama kilomita 140 kutoka Kinshasa, ilipandwa akasia ya Australia, ndugu mwingine mchapakazi, kwenye hekta zipatazo 8,000, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye mchanga mtupu. Kila familia ilipewa hekta 25. Wanakata kipande, wanachoma makala, wanateketeza matawi yaliyobaki. Moto huo unaamsha mbegu zilizolala ardhini. Miche inachipua yenyewe, na kati yake wanapanda mahindi na muhogo kabla kivuli hakijafunga. Miti ikikua, mizinga ya nyuki inatundikwa. Baada ya miaka kumi hivi wanarudi palepale na shoka.

Ardhi yetu si mchanga wa Bateke, na kiangazi chetu ni kirefu; pengine mti wetu utakuwa mwingine. Hilo lajaribika. Linalonikera ni zile hekta 25: wao walipewa ardhi, sisi twakodi. Nilipokodi shamba nje ya mji niliomba kupanda lusina mpakani tu. Mwenye ardhi, mtu mpole kabisa, alicheka: "Mwalimu, lima mahindi. Mti ukishaota hapa, kesho utasema shamba ni lako."

Nikapanda mahindi. Miche aliichukua jirani yangu, akaipanda nyuma ya jiko lake, mahali pekee ambapo hakuna wa kumuuliza.