Kadi ya mtandao isinunuliwe kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu kuhusu jambo linalowatia hasara wenye biashara ndogo ndogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Sisi walimu wanne tuna duka la kuchapa barua na kutoa nakala, lenye kompyuta tatu. Mwaka jana tulimweleza muuzaji mmoja mjini kwamba intaneti yetu inakwenda polepole. Bila kuuliza lolote, akatuuzia kadi tatu za mtandao za megabiti 1,000 kwa sekunde. Tukazifunga, lakini mwendo ukabaki ule ule! Akiba ikawa imekwisha, na nusura ushirika wetu uvunjike kwa kulaumiana.

Baadaye fundi alitufumbua macho. Swichi yetu ilikuwa ya megabiti 100, na kadi ya 1,000 ikiunganishwa na swichi hiyo hushuka hadi 100. Tena kadi ya 1,000 huhitaji jozi zote nne za nyaya zilizomo katika waya wa mtandao, ambapo ile ya 100 hutosheka na jozi mbili. Zaidi ya hayo, intaneti yetu haifiki hata megabiti 20. Ni sawa na kuweka bomba pana nyumbani wakati bomba la kijiji ni jembamba. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kompyuta mojawapo ilikuwa na uwezo wa 1,000 tangu kiwandani.

Je, kadi hizo hazina faida? Zinayo. Anayehamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta za dukani mwake, kama mpiga picha za harusi, atafaidi. Faili la megabaiti 1,000 ni sawa na megabiti 8,000. Kwa kadi ya 100 halipiti chini ya sekunde 80; kwa kadi ya 1,000 laweza kupita kwa sekunde 10 hivi, iwapo swichi, waya na diski navyo vinamudu.

Nawashauri wananchi wenzangu: kabla ya kutoa fedha, kagueni kwanza swichi, waya na kasi ya intaneti mnayolipia. Nanyi wauzaji, mwulizeni mteja shida yake kabla ya kumpa bei. Fedha ya mnyonge hupatikana kwa jasho.

Mwalimu wa Kijijini,
Songea.