Kabla ya Kununua Kontroli Boksi

Juma hili twaacha habari za shamba na za nyumbani, twende pamoja mpaka barabarani. Tangu Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, malori yamekuwa majirani zetu. Huiacha barabara kuu ya Morogoro pale Vigwaza, hufuata njia ya zege ya kilomita 15.5, huchukua makontena na kuyapeleka bara na nchi za jirani. Wengi wetu twala kwa malori hayo. Huyu ni dereva, yule ni utingo, huyu ni mama lishe, na mwingine anaye ndugu aliyekopa fedha akanunua lori moja ili apate kusomesha watoto. Basi ugonjwa wa lori si habari ya mafundi peke yao.

Iko habari moja isikikayo mara kwa mara katika gereji. Lori limefika, taa za breki haziwaki, indiketa zinawaka zenyewe, waipa hazitaki kusimama. Fundi atazama kidogo, kisha asema, "Kontroli boksi imekufa, nunua nyingine." Mwenye lori ashika kichwa, maana kisanduku hicho ni ghali. Akopa tena, anunua, afunga. Kesho yake indiketa zinawaka zenyewe vilevile. Fedha imekwenda, ugonjwa umebaki. Wakati mwingine hata dereva maskini hukatwa mshahara, ati yeye ndiye aliyeiunguza. Yafaa basi tujue kisanduku hiki ni kitu gani, kisha tujue namna ya kuuliza.

Katika malori ya zamani kila taa ilikuwa na waya wake. Ulibonyeza swichi, umeme ukapita katika fyuzi na relei, ukafika kwenye taa. Katika malori mengi ya siku hizi sivyo. Swichi yapeleka taarifa tu, kama karani apelekaye barua kwa mkubwa wake. Kontroli boksi ya bodi yaipokea taarifa ile, nayo ndiyo inayotoa umeme kwa taa, indiketa, honi na waipa, na katika malori mengine hata kufuli za milango. Tena hupima umeme unaokwenda katika kila taa. Ukizidi, hufunga njia. Ukipungua, husema taa imeungua. Ndiyo maana mtu akiondoa balbu ya kawaida akatia ya LED isiyofaa, dashibodi humwambia kuwa taa mbovu hali yeye aiona inawaka. LED yala umeme kidogo mno, na boksi yadhani hakuna kitu pale.

Boksi hii haikai peke yake. Iko ya injini, iko ya breki, iko ya gia, nazo husemezana kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mtindo huo wa kusemezana waitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983, ikauonyesha mbele ya watu mwaka 1986 katika mji wa Detroit, Marekani. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa nyaya zimepungua sana. Lakini shida yake ni hii: waya mmoja ukioza, boksi nyingi zaweza kulalamika kwa pamoja, na asiyejua atadhani zote zimekufa.

Sasa, ndugu mwenye lori, kabla hujatoa shilingi moja, mwombe fundi apime mambo haya kwa utaratibu.

La kwanza ni betri. Lori huwa na betri mbili za volti 12 zilizofungwa zikawa volti 24. Betri zikiwa dhaifu, au vichwa vyake vimelegea na kuota unga, boksi hupungukiwa na umeme ikaanza kuweweseka kama mtu mwenye homa. Zipimwe injini ikiwa imezimwa, zipimwe tena ikiwa inanguruma.

La pili ni trela. Chomoa waya wa umeme unaokwenda kwenye trela. Indiketa za kichwa cha lori zikirudi kufanya kazi vema, mtafute mgonjwa nyuma, usimtafute mbele. Soketi ya trela hula vumbi na maji kila siku, na nyaya zake husuguliwa na chuma mpaka zikagusana.

La tatu ni ethi. Fundi awashe taa zote, kisha apime kwa mita kati ya waya wa ethi wa boksi na upande hasi wa betri. Mita ikionyesha karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikionyesha nusu volti au zaidi, ethi yaumwa, nayo hutibiwa kwa msasa, spana na nati mpya. Ni boksi ngapi zimetupwa kwa kosa la nati iliyoota kutu!

La nne ni zile nyaya mbili za kusemezana. Kila mwisho wa njia yao pana kizuizi cha omu 120. Betri ikiwa imefunguliwa, mita ikiwekwa katikati ya nyaya hizo yapasa ionyeshe karibu na omu 60. Ikionyesha 120, huenda njia imekatika mahali au kizuizi kimoja hakipo. Ikiwa karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Haya yote hayamalizwi kwa kununua boksi.

Baada ya hayo mashine ya kusoma makosa iunganishwe, na mwenye mali aonyeshwe kilichoandikwa. Lakini ajue kwamba mashine haisemi, "Nunua hiki." Husema tu mahali palipo na malalamiko. Fundi ndiye anayepaswa kutafuta sababu. Ikiwa umeme waingia vizuri katika boksi, ethi ni njema, taarifa ya swichi yafika, nyaya na taa ni nzima, na bado umeme hautoki, hapo ndipo twaweza kusema kwa haki kwamba boksi imekufa.

Kuibadili nako kuna adabu yake. Kwanza isomwe na kuhifadhiwa mipangilio iliyo ndani ya boksi ya zamani, kama bado yasomeka. Namba ya spea ilinganishwe tarakimu kwa tarakimu, maana boksi mbili zaweza kufanana sura zisifanane kazi. Swichi ya ufunguo izimwe, fundi angoje muda uliowekwa na kitabu cha mtengenezaji, kisha afungue betri, upande hasi kwanza. Asiguse meno ya soketi kwa vidole. Aangalie kama ndani yake mna maji au kutu, na kama yamo, atafute yalikoingia, la sivyo boksi mpya itakufa kifo kilekile. Wakati wa kurudisha, upande hasi ufungwe mwisho.

Hapo kazi haijaisha. Boksi mpya ni kama mwanafunzi aliyeingia shule leo: lazima aandikishwe. Hufundishwa namba ya chasisi, aina ya taa, kama lori lavuta trela, na katika malori mengine hata ufunguo wake. Kwa sababu hiyo jihadharini na boksi iliyotolewa katika lori jingine. Bei yake huvuta, lakini yabeba kumbukumbu za lori lile, na ziko zisizokubali kuandikwa upya. Muuzaji akubali kwanza kuirudisha ikikataa, ndipo fedha itoke.

Tena tuzilinde zilizo hai. Mtu akitaka kuchomelea bodi au chasisi, betri zifunguliwe kwanza, na ethi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu na mahali panapochomwa. Maji ya nguvu yasielekezwe kwenye soketi. Taa za urembo zisidandie waya wa taa za nyuma. Nyaya zisitobolewe kwa sindano ya kupimia zikaachwa wazi, kwa kuwa unyevu utaingia hapo na kula shaba polepole.

Liko jambo moja zito kuliko fedha. Baadhi yetu, wakishindwa kununua boksi, huvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, bila fyuzi, na safari ikaendelea. Waya wa namna hiyo ukigusa chuma huwaka moto, na dereva yu juu yake. Wengine huondoka bila taa za nyuma kabisa, wakisema watatengeneza mbele ya safari. Ndugu zangu, kijana wa bodaboda anayerudi usiku kutoka Chalinze hawezi kuliona lori jeusi lililosimama gizani. Matawi ya miti yaliyotupwa lami hayamtoshi mtu aendaye kasi. Weka pembetatu za kuakisi, na taa zikiwa mbovu, lala ulipo mpaka kupambazuke. Mzigo kuchelewa si msiba.

Nanyi mafundi, hasa vijana mliojifunza kazi kwa kumtazama mkubwa wenu, twawaheshimu kwa jasho lenu. Lakini kazi imebadilika, nasi sharti tubadilike nayo. Viko vyuo vya VETA, na kiko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Aliyekwisha zoea bisibisi si aibu kwake kuketi tena darasani akajifunza mita na mchoro wa nyaya.

Mwenye lori naye asione haya kuuliza maswali matatu: Umepima nini? Umeona nini? Ikiwa boksi mpya haikuponya ugonjwa, nani atalipa? Fundi mwema atajibu bila hasira, tena atakuonyesha mita mkononi mwake. Akikasirika, mshukuru kwa muda wake, funga mlango wa lori, ukatafute mwingine.