Orodha ya Majina Msikitini: Sheria ya Nani?

Hivi karibuni, baada ya Sala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa Ngamiani hapa Tanga, ndugu mmoja alitujia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na majina kumi na moja ya vijana wa mitaa yetu. Alitaka yasomwe kwenye kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika, ili jamii iwajue, kama alivyosema, wanaofanya kitendo cha kaumu Lut. Tulimuuliza kama aliwaona. Akajibu kwamba hakuwaona, ila habari zimeenea. Nani kakuletea habari? Mtu wa kuaminika. Majina mawili tuliyafahamu kwa baba zao, na mmoja wa baba hao alikuwa angali ndani akimalizia sunna zake.

Tuseme mapema, asije mtu akatulisha maneno. Hukumu ya kitendo chenyewe katika Uislamu inajulikana, wala hatukukaa kuijadili upya. Tunalolijadili ni karatasi ile, na karatasi zote za namna ile.

Wengi wanakumbuka mwisho wa Oktoba 2018, pale Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza kuunda kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Ujumbe ulimiminika kwa maelfu, na ndani yake majina yaliyozidi mia moja. Tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa Serikali. Baadaye yakaja ya wafadhili: Denmark ikazuia msaada, na Januari 2020 Marekani ikampiga marufuku kuingia nchini mwao. Baraza zetu zilijaa mjadala kuhusu Wazungu na fedha zao. Hatukumsikia hata mmoja barazani akiuliza: yale majina yaliyokwisha kupelekwa, wenyewe walilalaje usiku ule? Na aliyempeleka jirani yake kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja, nani alimhoji?

Baadhi ya ndugu zetu waliishangilia hatua ile wakidhani ni sheria ya Allah inayosimamishwa. Hapa pana kutojua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu hakikutoka katika kitabu chochote cha fiqhi. Kililetwa na Waingereza, nao walikwisha kuiandikia India maneno ya namna hiyo mwaka 1860. Bunge letu likaiongeza adhabu yake mwaka 1998, ikawa kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Mwingereza mwenyewe aliilegeza sheria yake huko England mwaka 1967, lakini akawaacha nje askari wake.

Habari ya askari hao ina funzo, na tunaomba msomaji avumilie kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo, jeshi la Uingereza liliendelea kuwafukuza watu kwa jambo hili. Jeanette Smith, muuguzi wa jeshi la anga, alikuta sauti ya mtu asiyejitaja katika simu yake mwaka 1994 ikimwambia kwamba wakubwa wa jeshi wamekwisha kuarifiwa. Baada ya hapo yeye na mwenzake Graeme Grady, kila mmoja kwa wakati wake, wakaketishwa mbele ya wapelelezi na kuulizwa mambo ya kitandani ambayo mtu mwenye haya hawezi kuyatamka. Tarehe 27 Septemba 1999, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg iliamua kwamba upelelezi ule na kufukuzwa kule vilivunja haki ya maisha ya faragha. Marufuku ikaondolewa Januari 2000. Marekani nao walianza mwaka 1993 na kanuni ya kwamba jeshi lisiulize na askari asiseme. Ilipofutwa Septemba 2011, zaidi ya watu 13,000 walikuwa wamekwisha kuondolewa jeshini, wakiwemo zaidi ya 50 wenye kujua Kiarabu, katika miaka ile ile waliyokuwa wakiwatafuta wajuao Kiarabu kwa udi na uvumba.

Mtu atasema: hayo ni ya makafiri, yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa ile simu ya mtu asiyejitaja. Sisi wa Tanga tunaijua simu hiyo. Baada ya mapambano ya mapango ya Amboni, Februari 2015, kijana mwenye ndevu na suruali fupi alitazamwa kwa jicho jingine. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande kwa miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi, hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021, bila kesi yao kusikilizwa ikamalizika. Tuliandika na kulia kwamba mtu asishikwe kwa uvumi, na kwamba tuhuma si ushahidi. Tulisema kweli wakati ule. Je, kauli ile ilikuwa ni ya kuwalinda watu wetu tu?

Suratul Hujurat inatukataza dhana mbaya na upelelezi wa aibu za watu. Suratun Nur imemwekea viboko themanini anayewatuhumu wanawake wenye kujihifadhi kwa zinaa bila kuleta mashahidi wanne, na wanazuoni wameiona heshima ya wanaume kuwa katika hifadhi hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliruka ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye kamuasi Allah mara moja, na Khalifa mara tatu: kapeleleza, kaingia pasipo mlango, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar hakumtia mikononi, alimwacha. Na Maiz alipokuja kwa Mtume (s.a.w.) kukiri dhambi yake kwa ulimi wake, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara. Kisha akamwambia Hazzal, aliyemhimiza kwenda kukiri, kwamba lingekuwa bora kwake lau angalimsitiri kwa nguo yake. Huyo ni mtu aliyekiri mwenyewe. Sembuse aliyesingiziwa?

Uganda, ambao sheria yao ya 2023 ni kali kuliko yetu, waliweka ndani yake wajibu wa kila mtu kutoa taarifa juu ya mwenziwe. Mahakama yao ya Katiba, tarehe 3 Aprili 2024, iliiacha sheria hiyo kwa sehemu kubwa, lakini wajibu huo iliutengua. Majaji ambao hawakuwa na haja ya kuegemea fiqhi waliliona hilo, nasi tunataka imamu asome majina juu ya mimbari.

Kijana mwenye mtihani huu, ikiwa kweli anao, atakwenda wapi? Anamhitaji mtu wa kuzungumza naye kwa siri, pengine sheikh, pengine daktari. Akisikia majina yanasomwa msikitini, hataukanyaga tena, na mama yake hatathubutu kwenda sokoni.

Karatasi ile haikusomwa. Imamu aliichukua, akaichana mbele ya aliyeileta, na vipande akavitia mfukoni mwa kanzu yake ili visiokotwe na watoto. Ndugu yetu alikasirika sana, na Ijumaa iliyofuata hakuonekana. Tumemtuma mzee wa jirani yake akamsalimie. Yule baba bado anaswali safu ya kwanza, na hajui kitu.